Usawa wa mwili na mazoezi ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu ninaowafanyisha mazoezi hapa Tanga: wazee wenyewe, watoto wao wanaowasindikiza, na majirani wanaonisimamisha njiani. Kazi yangu ni fiziotherapia, na swali la kwanza huwa ni lile lile, “Mbona siku hizi nayumba?” Ukiwa na haraka nenda kwenye swali lako moja kwa moja. Kila jibu linajitosheleza, na jambo lililokwisha kuelezwa kwingine nimekuelekeza huko. Mwenye kizunguzungu aanzie sehemu ya mwisho kabla hajagusa zoezi lolote.

## Mambo ya msingi

Usawa wa mwili ni nini hasa?

Ni uwezo wa kuubakiza uzito wako juu ya nyayo zako, na kuurudisha upesi unapoponyoka. Hakuna binadamu anayesimama tuli kabisa. Hata askari wa gwaride anayumba kidogo muda wote, na mwili wake unamrekebisha kabla mwenyewe hajajua.

Kazi hiyo ubongo unaifanya kwa kupokea taarifa kutoka pande tatu. Macho yanaeleza ulipo ukuta, ulipo mlango. Sikio la ndani linaeleza kichwa kimeelekea wapi: kila sikio lina mifereji mitatu iliyojipinda yenye majimaji, na kando yake kuna chembe ndogondogo za chokaa zinazoelemea kule uzito unakovuta. Halafu kuna nyayo, vifundo vya miguu, magoti, nyonga na shingo, ambavyo vinaeleza ardhi ikoje na kila kiungo kimekaaje. Ubongo ukishapatanisha hayo, huiamuru misuli ya miguu na kiuno ishike. Hitilafu inaweza kuwa upande wowote kati ya hizo, au kwenye misuli yenyewe, ndiyo maana watu wawili wanaoyumba namna moja huenda wakahitaji msaada tofauti kabisa.

Kwa nini nayumba zaidi umeme ukikatika, au nikifumba macho kunawa uso?

Kwa sababu umeuondolea ubongo shahidi mmoja kati ya watatu. Mwenye nyayo na masikio mazima hamkosi sana shahidi huyo. Lakini yule ambaye hisia za miguu zimefifia, au sikio la ndani lina kasoro, amekuwa akiegemea macho bila kujua. Giza likiingia ndipo anapogundua.

Madaktari wanakitumia kipimo hiki tangu karne ya 19, na kinaitwa kwa jina la tabibu Mjerumani Moritz Romberg. Unasimama miguu imekutana, macho wazi, kisha unafumba. Ukiwa imara macho yakiwa wazi halafu ukapepesuka vibaya ulipoyafumba, mpelekee daktari habari hiyo. Usikifanye peke yako: mtu asimame karibu, mikono yake tayari kukudaka.

Si uzee tu huu?

Umri una sehemu yake, sikatai. Misuli ya mapaja hupungua, macho hufifia, hisia za nyayo hupoa. Lakini sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzee ni mwili kukosa kazi. Ninamfahamu mvuvi aliyevuka miaka 70 anayesimama ndani ya ngalawa akivuta nyavu huku mawimbi yakiinua chombo, na hashiki kitu. Jirani yake, mdogo kwake kwa miaka kumi, alistaafu ofisini; huyo haondoki kwenye kochi bila kusukuma kwa mikono miwili na kuguna. Tofauti yao haimo kwenye cheti cha kuzaliwa.

Kweli mazoezi haya yanasaidia, au ni maneno ya hospitali?

Yamepimwa sana. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kuchuja tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio zaidi ya 100, yalikuta kwamba mazoezi hupunguza matukio ya kuanguka kwa wazee wanaoishi majumbani kwao kwa takriban asilimia 23. Kule New Zealand, miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Otago kilitunga programu ya kufanyia nyumbani, ya kuimarisha miguu na usawa pamoja na kutembea, na matukio ya kuanguka yakapungua kwa kiasi cha asilimia 35. Hapakuwa na mashine kubwa. Vifaa vyao vilikuwa vizito vidogo vya kufunga miguuni.

Na jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Tunaogopa ajali za bodaboda, na tuna haki, huku bibi akiteleza bafuni na nyonga ikavunjika pasipo mtu kuihesabu hiyo kuwa ajali.

## Kujipima

Nitajuaje usawa wangu ukoje?

Simama karibu na ukuta au meza nzito, mtu awe pembeni yako, uvue ndala. Kuna hatua nne, na kila moja unaishikilia sekunde 10 bila kushika kitu. Ya kwanza, nyayo mbili zimekutana sambamba. Ya pili, sogeza mguu mmoja mbele kidogo, katikati ya wayo wake iguse kidole gumba cha mguu mwingine. Ya tatu, kisigino cha mbele kiguse vidole vya mguu wa nyuma, kama unasimama juu ya kamba. Ya nne, mguu mmoja.

Mzee asiyefikisha sekunde 10 kwenye hatua ya tatu yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka. Hapo usiendelee kujaribu kwa ukaidi. Rudi hatua uliyoiweza, hiyo ndiyo utakayoanzia mazoezi.

Kipimo cha pili ni cha nguvu za miguu. Kaa kwenye kiti kigumu kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, kisha simama na kuketi mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30. Mwanamume wa miaka 65 hadi 69 anayepata chini ya 12, au mwanamke wa umri huo anayepata chini ya 11, yuko chini ya wenzake. Andika namba yako na tarehe ukutani, penseli inatosha. Utaihitaji baada ya miezi miwili.

Nimesikia asiyeweza kusimama mguu mmoja kwa sekunde 10 atakufa mapema. Ni kweli?

Habari hiyo ilienea kutokana na utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2022. Watu 1,702 wenye umri wa miaka 51 hadi 75 walipimwa, na takriban mmoja kati ya watano alishindwa. Katika miaka kama 7 iliyofuata, walioshindwa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 84, hata baada ya umri na baadhi ya maradhi kuhesabiwa.

Lakini soma vizuri. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo mawili yanayotembea pamoja. Hausemi kwamba moja limeleta jingine. Mguu unaotetemeka mara nyingi ni dalili ya kisukari, moyo dhaifu au kukaa sana. Umeshindwa leo? Basi una sababu ya kupima sukari na presha, na sababu ya kuanza mazoezi. Si hukumu.

## Mazoezi yenyewe

Nianze na zoezi gani?

Anza kwa kusimama tu. Watu hushangaa nikiwaambia hivyo, lakini hatua zile nne za kujipima ndizo ngazi yenyewe ya mazoezi. Chukua ile unayoiweza kwa tabu kidogo, ishikilie sekunde 10, pumzika, rudia mara tano kila upande.

Ugumu unaongezwa kwa kupunguza mikono. Nina bibi mmoja aliyekuja akiwa amekumbatia nguzo ya baraza kama anayepandishwa mnazi. Wiki ya kwanza alishika kwa viganja viwili. Wiki ya pili, kiganja kimoja. Kisha vidole vinne, vikawa viwili, kikabaki kidole cha shahada kimegusa nguzo kwa ncha ya ukucha. Siku alipokiondoa hakusema neno. Alinitazama, akatazama nguzo, akakirudisha. Akakiondoa tena. Imemchukua wiki saba.

Ukifikisha sekunde 30 kwa mguu mmoja bila kushika, geuza kichwa polepole kushoto na kulia kama mtu anayeitwa na jirani. Kisha simama hivyo hivyo ukipokezana kitambaa na mtu. Kufumba macho ni hatua ya mwisho kabisa, na ukuta uwe umeguswa.

Kusimama na kuketi kitini ni zoezi au ni kupoteza muda?

Ni zoezi, na ningeambiwa nichague moja tu ningechagua hili. Usawa bila mapaja yenye nguvu haufiki mbali: ukijikwaa, paja ndilo linalokudaka.

Kiti kwanza. Kile cha plastiki ni chepesi, kinateleza kikakuacha hewani, kwa hiyo kiegemeze ukutani. Kaa nusu ya mbele. Vuta nyayo nyuma kidogo ya magoti. Inama mbele mpaka pua ipite magoti, halafu inuka. Wanaoshindwa, wengi wao wanajaribu kuinuka wima kama lifti, hawainami. Kushuka ndiko kwenye faida zaidi: hesabu moja mpaka nne, usijitupe. Fanya mara 8 hadi 10, pumzika, rudia.

Kiti kikiwa rahisi, tafuta kifupi zaidi. Kigoda kinafaa, na mbuzi ya kukunia nazi inafaa kabisa. Anayekuna nazi kila siku na kuinuka bila kushika ukuta ana mapaja ambayo watu wa mjini wanalipia. Hivyo hivyo kuchuchumaa chooni, na kuinuka kutoka sijda kwa anayesali: usiharakie kuhamia kitini kama magoti hayaumi.

Kuna mazoezi ya kutembea?

Tumia ukumbi wa nyumba au pembeni ya ukuta wa uani. Tembea hatua 10 kisigino kikigusa vidole, macho yatazame mbele na si chini. Tembea upande upande kama kaa, uso ukiangalia ukuta. Tembea nyuma hatua 10, kidole kikigusa ukuta. Kisha panda juu ya vidole mara 10 na kushuka taratibu, na uinue vidole ukabaki kwenye visigino mara 10. Mwendo wa visigino ndio unaokusaidia kuinua ncha ya mguu usijikwae kwenye zulia au jiwe.

Sina muda wa mazoezi. Nifanyeje?

Yafiche ndani ya kazi unazofanya tayari. Ukipiga mswaki, nusu ya muda simama mguu wa kulia, nusu wa kushoto. Maji ya chai yanapochemka, panda juu ya vidole. Ukisubiri wali ukauke, simama kisigino mbele ya vidole huku mkono mmoja uko kwenye meza. Kila unapokwenda kuketi, keti mara tatu. Kituoni, ukingoja daladala, hamisha uzito mguu huu na mguu ule, hakuna atakayejua.

Lakini usifanye lolote kati ya haya ukiwa unapindua ugali au unaepua sufuria. Moto na majaribio havikai pamoja.

Mara ngapi, na baada ya muda gani nitaona tofauti?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya usawa na nguvu angalau siku 3 kwa wiki. Ya nguvu, kama ya kiti, yaache yapumzike siku moja katikati. Ya kusimama unaweza kuyafanya kila siku.

Wengi ninaowafuatilia hawaoni kitu wiki tatu za kwanza, na hapo ndipo wengi wanapoacha. Tofauti huanza kuonekana kati ya wiki ya 6 na ya 12, na mara nyingi si kwenye zoezi bali mahali pengine: mtu anagundua amevaa suruali akiwa amesimama. Ukiacha, faida nayo inaondoka.

Peku au na viatu?

Ndani, kwenye sakafu safi na kavu, peku ni bora kwa sababu nyayo zinasikia. Mwenye kisukari au ganzi miguuni avae kiatu kinachofunga, hata ndani. Soksi kwenye vigae, hapana. Ndala kwenye mazoezi, hapana pia. Hutoka kisigino katikati ya hatua.

Nafanya kazi kutwa, nateka maji, natembea mpaka sokoni. Bado nahitaji?

Una akiba kubwa kuliko unavyodhani. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu za ziada. Utafiti uliofuata mwaka 1995 ulieleza siri: hatua zao zinabembea kama timazi la saa kwa ustadi zaidi mzigo ukiwepo. Ndoo ya maji kichwani, mikono ikining'inia, ni somo la usawa ambalo mama zetu walihitimu utotoni.

Hata hivyo kutembea peke yake hakujaonyesha kupunguza kuanguka kwa wazee. Unatembea kwenda mbele, njia ile ile, kasi ile ile. Mwili haupewi mtihani mpya. Ongeza hatua za upande, za nyuma, na za mguu mmoja. Na ukiwa umeacha kubeba kichwani kwa miaka mingi, usianze tena na ndoo ya lita 20. Shingo haikumbuki.

Nikiyumba wakati wa zoezi nakosea?

Hapana. Kuyumba na kujirudisha ndilo zoezi lenyewe. Ukisimama bila kutikisika hata chembe, zoezi hilo limekwisha kuwa rahisi kwako. Panda ngazi inayofuata. Kinachotakiwa ni kuyumba mahali salama, kona ya kuta mbili nyuma yako na kiti kizito mbele.

## Hofu, nyumba na fimbo

Mama alianguka mara moja, sasa anaogopa hata kwenda uani. Tumwache apumzike?

Msimwache. Hili nimeliona mara nyingi mno na linaniuma kila mara. Watoto wanampenda mama yao, kwa hiyo wanamwambia, “Mama, tulia, tutakuletea.” Chai inaletwa, maji ya kunawa yanaletwa, chakula kinaletwa. Mama mmoja niliyeitwa kumwona alikuwa amekaa kitandani miezi minane baada ya kuanguka bila kuvunjika popote. Kabla ya hapo alikuwa anapika mwenyewe. Nilipofika mimi hakuweza kuinuka bila watu wawili. Hakuanguka tena, ni kweli. Lakini miguu ilikuwa imekwisha.

Anayeogopa hutembea hatua fupi, kakaza mwili, macho chini, na mwendo huo ndio unaoangusha. Kwanza hakikisheni hakuna kilichovunjika na hakuna sababu iliyojificha (tazama maswali ya dawa na presha huko chini). Kisha mrudishieni kazi moja ndogo aliyokuwa akiifanya amesimama: kuchambua mboga mezani, kukunja kanga na kuzipanga kabatini. Mtu akae karibu bila kumshika. Mkiwa mnamshika mkono, mshikeni kwa kumtolea mkono aushike yeye. Msimkamate kwapani kama mfungwa. Anzeni na kushika nguzo, kama ilivyoelezwa kwenye swali la zoezi la kwanza.

Fimbo inashikwa mkono upi?

Upande wa pili wa mguu mbovu. Mguu wa kulia unauma, fimbo iko kushoto, na fimbo inatangulia pamoja na mguu unaouma. Karibu kila mtu hufanya kinyume. Ukisimama na viatu, mikono imeachiwa, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Chini pawe na mpira, na mpira uliolika ubadilishwe. Ngazini, kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza fimbo na mguu mbovu.

Kutumia fimbo hakukuzuii kufanya mazoezi. Wachungaji wa Kimaasai huegemea fimbo wakiwa wamesimama mguu mmoja, na hakuna anayewaita wagonjwa.

Nyumbani nirekebishe nini?

Njia ya usiku, kutoka kitandani mpaka chooni. Ipitie mwenyewe jioni: ndoo iliyoachwa mlangoni, ncha ya mkeka iliyojikunja, waya wa pasi, kizingiti kisichoonekana. Weka tochi mahali ambapo mkono unaifikia kabla mguu haujagusa sakafu. Bafuni, povu la sabuni lisiachwe sakafuni, na panapowezekana fundi afunge chuma cha kushika ukutani. Taulo na bomba si vya kushika. Choo kikiwa nje, mvua za masika zikianza, mwaga changarawe kwenye njia.

## Hali maalumu

Nikigeuka kitandani chumba kinazunguka kwa sekunde chache. Nifanye mazoezi haya?

Subiri kwanza. Kizunguzungu cha ghafla kinachokuja ukigeuka kitandani au ukitazama juu, kikaisha ndani ya dakika moja, mara nyingi hutokana na zile chembe za chokaa za sikio la ndani (tazama swali la kwanza) zilizong'oka mahali pake zikaingia kwenye mfereji. Tiba yake haina kidonge. Mtaalamu hukilaza na kukigeuza kichwa chako kwa mpangilio maalumu ili chembe zirudi zilikotoka. Njia inayojulikana zaidi imepewa jina la daktari Mmarekani John Epley. Mara nyingi nafuu huja baada ya kikao kimoja au viwili. Watu wamemeza dawa za malaria na za presha kwa miaka kwa ajili ya kitu kinachotibika kwa dakika chache, kwa hiyo eleza dalili zako vizuri: kinakuja lini, kinadumu muda gani.

Kwangu kizunguzungu kinakuja nikiinuka tu. Ni hicho hicho?

La, hiki ni kingine. Hapa huenda presha inashuka unaposimama. Inapimwa umelala, kisha umesimama: ikishuka kwa 20 au zaidi namba ya juu, au 10 namba ya chini, ndani ya dakika 3, sababu imeonekana. Omba upimwe hivyo, maana kliniki nyingi hupima umekaa tu. Wakati huo huo inuka kwa vituo: kaa ukingoni mwa kitanda, pampu vifundo vya miguu mara 20, simama umeshika, ndipo uende. Kunywa maji ya kutosha.

Dawa zinaweza kuniyumbisha?

Ndiyo, na zinasahaulika. Za usingizi kama diazepam, amitriptyline ya sonona na maumivu ya neva, za mzio zinazolaza kama piriton, za presha, na za kisukari sukari inaposhuka mno. Kuna pia sindano ambazo huweza kuharibu sikio la ndani: streptomycin na amikacin, zilizotumika sana kwa kifua kikuu, na gentamicin. Aliyechomwa hizo kisha akaanza kuyumba gizani amweleze daktari. Usiache dawa mwenyewe. Zibebe zote kwenye mfuko, pamoja na za mitishamba na za dukani, ukazionyeshe.

Nina kisukari na miguu ina ganzi.

Mazoezi yanakufaa, na pengine unayahitaji kuliko wengine, kwa kuwa nyayo zako hazikupi habari. Fanya kwenye mwanga mzuri, vaa viatu vinavyofunga, shika kitu muda mrefu zaidi ya wenzako, na kagua nyayo kila jioni. Ukiwa unatumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, muulize daktari kuhusu vitamini B12. Dawa hiyo inaweza kuipunguza, na upungufu wake nao huleta ganzi.

Baada ya kiharusi je?

Uwezo unaweza kurudi hata muda mrefu baadaye, lakini ngazi ya kuanzia ipangwe na mtaalamu aliyekuona, kwa sababu upande mmoja utadanganya.

Nifanye nini mwezi wa Ramadhani?

Hamishia mazoezi baada ya futari. Alasiri mwili hauna maji, presha iko chini, na hapo ndipo watu huanguka. Ukisali tarawehe umesimama, hesabu hilo kuwa sehemu ya zoezi lako.

Ni dalili zipi zinataka hospitali leo leo?

Kuyumba kulikokuja ghafla pamoja na uso kupinda, mkono au mguu kulegea, maneno kuvurugika, kuona vitu viwiliviwili au kichwa kuuma kupita kawaida. Kuanguka kwa kuzimia. Kugonga kichwa, hasa kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarin, hata akijisikia mzima. Mzee anayeanguka mara mbili ndani ya mwaka, au mara moja bila sababu, naye apelekwe, ingawa si lazima usiku huo.

Nimeanguka, niko chini peke yangu. Najiinuaje?

Usikurupuke. Lala dakika moja, vuta pumzi, jaribu mikono, jaribu miguu. Nyonga ikiuma sana, au mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, usijiinue: piga kelele, gonga sufuria au mlango, jifunike kanga au chochote kilicho karibu usipatwe na baridi, endelea kutikisa vidole vya miguu mpaka watu wafike.

Usipoumia, geuka ulalie ubavu. Sukuma kwa kiwiko, halafu kwa kiganja, uje juu ya magoti na mikono. Tambaa mpaka kwenye kitu kizito: kitanda, kochi, kiti cha mbao kilichoegemea ukuta. Weka mikono juu yake. Leta mbele mguu wenye nguvu, wayo wote chini. Sukuma kwa mikono na mguu huo kwa pamoja, ugeuke, ukae. Bakia umekaa mpaka kichwa kitulie.

Jumamosi hufanya mazoezi ya hili na watu wangu juu ya mkeka, kila mmoja na kiti chake. Mara ya kwanza wanaona aibu kujilaza chini mbele ya wakwe na wajukuu. Nawaomba walale hata hivyo, mimi nikiwa wa kwanza, kisha tunatambaa wote kuelekea vitini.